Kompresa ya Amonia Inapogoma Kuwaka: Hatua za Kufuata Kabla ya Kubonyeza Kitufe Mara ya Tatu

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi vijana wanaoanza kazi katika viwanda vya samaki, barafu, maziwa na bia, kwa sababu swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine ni lile lile: kompresa ya mtambo wa kupoza inavuma, taa za jengo zinafifia, kisha ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) inakata, tufanyeje? Kwa kawaida swali hilo huja baada ya kitufe kubonyezwa mara nne au tano, na wakati huo mota imekwisha kupata joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia. Nakuomba usome hatua hizi ukiwa bado hujafika huko, kwa kuwa mota nyingi nilizoziona zikipelekwa kusukwa nyaya upya ziliungua kwa sababu ya majaribio yaliyofuata baada ya hitilafu, wakati hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Kompresa inayowaka kwa shida ina moja kati ya mambo matatu: imebebeshwa presha ambayo haikuondolewa, au mota yake haipati umeme wa kutosha, au kuna kitu ndani kinachoizuia kuzunguka. Mara nyingi mawili kati ya hayo hukutana, kwa mfano vali inayovuja kidogo na volti iliyoshuka kidogo, na kila moja peke yake isingeizuia kuwaka. Hatua zangu zinahusu hasa kompresa za pistoni zinazoendeshwa na mota yenye stata (kifaa cha kuwashia) ya sta-delta, yaani inayoanzisha mota kwenye muungano wa sta wenye nguvu ndogo kisha kuihamishia delta. Kompresa za skrubu nimezieleza ndani ya hatua ya 6.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Barakoa ya uso mzima yenye kichujio cha amonia, ambacho kwa kawaida hutambulika kwa mkanda wa kijani na herufi K. Kichujio hicho ni cha harufu ndogo tu. Hewa yenye amonia sehemu 300 kwa milioni huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na mahali penye uvujaji mkubwa huingii bila mtungi wa hewa na mafunzo ya kuutumia.
- Glavu za mpira, miwani iliyofunika macho yote, na maji safi yanayotiririka karibu. Jicho lililoguswa na amonia huoshwa kwa maji kwa dakika 15 au zaidi, bila kusubiri, kisha mgonjwa hupelekwa hospitali.
- Mwenzako. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, hata kama ni zamu ya usiku na wenzako wamechoka.
- Kufuli lako binafsi na kibao cha onyo cha kufungia swichi kuu.
- Geji za chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya amonia. Geji au kiungo cha shaba huliwa na amonia, kwa hiyo usiazime vifaa vya fundi wa friji za nyumbani.
- Kipimajoto cha kugusa, klampu mita, mita ya volti na mega ya kupimia insulesheni ya mota.
- Kitabu cha mtengenezaji wa kompresa hiyo, pamoja na daftari la kumbukumbu za kila zamu. Takwimu ninazotoa hapa ni za kukuongoza. Palipo na tofauti, kibao cha mashine na kitabu chake ndivyo vinavyoamua.

Hatua za kazi

1. Acha kubonyeza, kisha andika ulichokiona na ulichokisikia.

Je, mota ilivuma bila kuzunguka kabisa? Ilizunguka polepole ikashindwa kufika kasi yake? Ilifika kasi, kisha ikakata wakati stata inahama kutoka sta kwenda delta? Au iliwaka vizuri, ikakaa dakika moja hivi, kisha ikazimika? Majibu haya manne yana vyanzo tofauti. Hilo la mwisho mara nyingi si tatizo la kuwaka hata kidogo: swichi ya presha ya mafuta huwekewa ucheleweshaji wa sekunde 45 hadi 90, na inapokata baada ya muda huo inakuambia kuwa mafuta hayajajenga presha.

Kuhusu idadi ya majaribio, kanuni inayotumika sana ni mara 2 mfululizo kwa mota ya baridi na mara 1 kwa mota iliyo moto. Baada ya hapo iache ipoe, na muda huo utumie kufanya hatua zinazofuata.

2. Kata umeme kwenye swichi kuu na uweke kufuli.

Kitufe cha kuzimia hakitoshi. Mitambo mingi hujiwasha yenyewe joto la chumba linapopanda, na mtu aliyeweka mkono kwenye mkanda au kaplingi (kiungo cha mota na kompresa) hapewi taarifa. Ufunguo wa kufuli ukae mfukoni mwako.

3. Soma presha zote mashine ikiwa imesimama.

Soma geji ya upande wa kuvuta, ya upande wa kusukuma, na ya krankikesi (sehemu ya chini ya kompresa yenye mafuta na shafti) kama ipo. Kisha pima joto la kondensa, ambako gesi hupozwa ikawa maji, na ulinganishe. Amonia iliyotulia kwenye nyuzi 30 huwa na presha ya geji ya karibu bar 10.7, kwenye nyuzi 35 ni karibu bar 12.5, kwenye nyuzi 40 ni karibu bar 14.5. Ikiwa kondensa ina nyuzi 30 lakini geji inasoma 13, na geji ni nzima, basi kuna hewa ndani ya mfumo. Hili hutokea zaidi kwenye mitambo ya kugandisha inayofanya kazi chini ya nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa kuwa hapo upande wa kuvuta huwa na presha ndogo kuliko ya hewa, na kila gasketi iliyochoka huingiza hewa. Hewa hiyo hupandisha presha ambayo kompresa inasukumana nayo siku nzima, na ni lazima itolewe kwa utaratibu wa kiwanda.

Angalia pia presha ya kuvuta. Mtambo uliosimama siku mbili kwa kukatika umeme huwa na evaporeta (sehemu zinazopoza chumba) zilizopata joto, na amonia yenye nyuzi 25 ina bar 9 za geji. Mota iliyochaguliwa kwa kazi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haiwezi kubeba gesi nzito namna hiyo vali ya kuvuta ikiwa wazi kabisa. Hapo hakuna kilichoharibika. Utaiwasha kwa njia ninayoieleza katika hatua ya 8.

4. Tafuta presha inakotoka.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naomba uipe muda kuliko nyingine zote. Kompresa ikisimama, vali ya njia moja iliyo upande wa kusukuma inapaswa kuizuia gesi ya kondensa isirudi. Uchafu mgumu au takataka za kuchomelea chuma zikiikalia, gesi hurudi kupitia sahani za vali za kompresa hadi krankikesi, na mota hulazimika kuanza kazi ikiwa tayari imebanwa.

Ijaribu hivi: funga vali ya kuvuta, acha vali ya kusukuma wazi, halafu tazama geji ya krankikesi. Ikipanda polepole sana kwa saa nzima, hali si mbaya. Ikipanda kwa dakika chache kuelekea presha ya kondensa, gesi inarudi. Usiiache ivuke presha iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine. Ikikaribia, funga vali ya kusukuma. Ukiifunga na kupanda kukakoma, gesi ilikuwa ikipitia kwenye bomba la kusukuma, na vali ya njia moja ndiyo ya kufunguliwa.

Lakini usimalizie hapo. Ipo njia ya pili ambayo haionekani kirahisi, nayo ni bomba jembamba linalorudisha mafuta kutoka kwenye kitenganishi cha mafuta. Ndani ya kitenganishi mna boya linalofungua mafuta yakijaa na kufunga yakipungua. Boya likitoboka au tundu lake likikwama wazi, gesi ya presha kubwa huingia krankikesi moja kwa moja. Kompresa ikiwa inafanya kazi, gusa bomba hilo kwa kipimajoto: likiwa zima, huwa la moto kwa vipindi, likiwa limekwama, huwa la moto wakati wote.

Nilipokuwa msaidizi katika kiwanda kimoja cha barafu, tulibadilisha mota mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili tuliamini kuwa msukaji ndiye aliyefanya kazi mbovu. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa amestaafu aliitwa, akashika lile bomba jembamba kwa kitambaa, akauliza kwa nini lina joto mashine ikiwa imesimama. Lilikuwa boya. Fedha iliyopotea kwa mota mbili ingenunua maboya ya kutosha maisha yote ya mtambo ule, na tangu siku hiyo sijawahi kufungua boksi la mota kabla ya kushika bomba hilo.

5. Zungusha kompresa kwa mkono.

Hakikisha kufuli lipo, presha za pande mbili zimekaribiana, kisha ondoa kinga ya mkanda na uzungushe gurudumu taratibu, mizunguko miwili kamili. Linapaswa kwenda kwa uzito unaolingana. Likikwama ghafla mahali pamoja kana kwamba limegonga ukuta, fikiria majimaji juu ya pistoni au kipande cha vali kilichovunjika. Likiwa zito mzunguko mzima, fikiria beringi, au mafuta mazito yasiyo sahihi.

Onyo: usitumie bomba refu kulazimisha. Ikiwa pembeni mwa krankikesi pana ubaridi, jasho au theluji, amonia ya maji (yaani amonia iliyo kimiminika) imeingia, na kimiminika hakibanwi kama gesi. Kuilazimisha kwa mota ni kuvunja vali, kupinda fimbo ya pistoni, au kupasua kichwa cha silinda na kumwaga amonia kwa watu. Funga njia ya amonia ya maji, kagua kiwango katika chombo cha kukinga majimaji, tumia kompresa nyingine kuivuta gesi hiyo kama mtambo unaruhusu, na uache hita ya mafuta ifanye kazi yake kwa saa kadhaa. Sababu ya majimaji kufika hapo ni lazima ipatikane kabla hujawasha, vinginevyo yatarudi.

Usifungue kichwa cha silinda mpaka gesi imevutwa, vali zote mbili zimefungwa, na geji imesoma sifuri na kubaki sifuri.

6. Kagua vipunguza mzigo.

Kompresa nyingi za pistoni za viwandani huinua sahani za vali za kuvuta wakati presha ya mafuta haipo, ili zianze bila kubana gesi. Mafuta yakijenga presha, silinda huingizwa kazini kundi kwa kundi. Kwa hiyo pini iliyokwama, springi iliyovunjika au solenoidi (vali inayoendeshwa na umeme) iliyobaki wazi huifanya kompresa ianze na silinda zote. Kagua solenoidi moja moja, na usikilize mlio wake mdogo inapopewa na kunyang'anywa umeme. Mashine za zamani huwa na vali ya mkono inayounganisha upande wa kusukuma na wa kuvuta kwa ajili ya kuwasha. Hakikisha inafunguka, na mashine ikifika kasi yake uifunge mara moja, kwa kuwa ukiisahau gesi ya moto itazunguka hapo hapo na joto la kichwa litapanda haraka.

Kwa kompresa ya skrubu, kinachofanya kazi hiyo ni vali ya kuteleza, ambayo ni lazima iwe imerudi mwanzo kabla ya kuwasha. Umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa kwenye mzigo kamili, vali hiyo hubaki ilipokuwa, na paneli hukataa kuwasha. Paneli inafanya sawa. Tumia pampu ya mafuta kuirudisha, kisha uhakikishe kwa macho kuwa kionyeshi na vali vinakubaliana. Ukikuta rota ni nzito kwa mkono kwenye kaplingi, huenda zimejaa mafuta yaliyorudi kupitia vali ya njia moja ya upande wa kuvuta isiyofunga. Zizungushe taratibu kwa mkono mpaka mafuta yatoke. Skrubu haizungushwi kinyume kwa umeme hata kwa sekunde moja, kwa hiyo kila nyaya zinapoguswa, jaribu mwelekeo wa mota kaplingi ikiwa imefunguliwa.

7. Sasa nenda kwenye umeme.

Kama huna leseni ya umeme, mwite aliye nayo. Umeme ukiwa umekatwa na kufuli lipo, kaza viungo vyote, tazama ncha za kontakta tatu za stata, na upime insulesheni ya mota kwa mega. Ikiwa chini ya megaohm 1 usiiwashe kabisa, na kwa mota nzima ya kisasa tarajia kiwango kilicho juu zaidi ya hapo kwa mbali.

Kisha pima volti za fezi tatu mara mbili: mashine ikiwa imesimama, na mashine ikiwa inajaribu kuwaka katika hatua ya 8. Kipimo cha pili ndicho chenye habari. Nguvu ya kuzungusha ya mota hufuata volti kwa kipeo cha pili: volti 400 zikishuka hadi 340, yaani asilimia 85, nguvu hiyo hubaki asilimia 72 tu. Na kwenye sta mota hutoa theluthi moja ya nguvu ambayo ingetoa ikiwashwa moja kwa moja kwenye delta, kwa hiyo volti hizo 340 hukuachia karibu asilimia 24. Kompresa isiyo na mzigo huweza kuanza kwa nguvu hiyo. Yenye presha krankikesi haiwezi. Ndiyo maana mashine moja huwaka vizuri alfajiri na kugoma saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unatumia umeme.

Klampu mita nayo ikusaidie. Mota ya kilowati 90 kwenye volti 400 huchukua takriban ampea 160 kwa mzigo kamili. Ikiwa huchukua mara 6 ya hapo inapowashwa moja kwa moja, kwenye sta tarajia karibu ampea 320, zikishuka haraka kadiri inavyoshika kasi. Zisiposhuka, mota imekwama katikati ya safari. Fezi moja ikisoma sifuri, acha mengine yote ushughulikie fyuzi, kontakta au waya wa fezi hiyo.

Onyo: usirefushe muda wa taima ya sta-delta ili "kuisaidia." Mota ikikwama nusu ya kasi kwa sababu ya mzigo, muda mrefu zaidi huongeza joto tu. Na usipandishe ovalodi juu ya ampea za kibao, wala kuiruka swichi yoyote ya usalama kwa kipande cha waya.

8. Washa kwa utaratibu.

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha. Washa pampu ya maji na feni za kondensa. Hakikisha mafuta yako kati ya alama za kioo na yana uvuguvugu. Fungua vali ya kusukuma kabisa, na uiguse tena kwa mkono wako kuthibitisha, kwa kuwa kuwasha kompresa ya pistoni vali hiyo ikiwa imefungwa ni ajali. Weka mzigo kwenye kiwango cha chini. Funga vali ya kuvuta, kisha uifungue kidogo sana. Ondoa kufuli, watu wasogee, washa. Presha ya mafuta ikishapanda, fungua vali ya kuvuta robo kwa robo huku ukitazama ampea na kusikiliza. Ukisikia kugonga, punguza mara moja. Kwenye mtambo wa hatua mbili, kompresa ya hatua ya juu hutangulia, na ya chini hufuata presha ya katikati ikishashuka.

Ikiwa bado inagoma

Inavuma, haizunguki kabisa, na kwa mkono ni nyepesi: fezi imekosekana, au kontakta ya sta haifungi. Presha ikiwa imesawazishwa, usitafute kosa kwenye kompresa.

Inavuma, haizunguki, na kwa mkono imekwama: majimaji, beringi au kipande kilichovunjika. Haiwashwi tena mpaka ifunguliwe.

Inazunguka polepole, haifiki kasi: rudi hatua ya 4 na 6, kisha ulinganishe volti za hatua ya 7.

Inakata inapohamia delta: ama haijafika kasi, ama kontakta ya delta ina ncha zilizoungua, ama nyaya za mota zilirudishwa vibaya baada ya kusukwa. Hilo la mwisho ulishuku ikiwa tatizo lilianza siku mota iliporudi.

Mikanda inapiga kelele na kutoa harufu: wengi huikaza, na beringi hufa baada ya miezi michache. Kaza kwa kipimo cha kitabu, badilisha mikanda yote kwa pamoja, na ujiulize kwanza kama kompresa haikuwa na mzigo wa presha.

Inagoma tu baada ya umeme kurudi: mota zote za kiwanda zinajaribu kuwaka kwa wakati mmoja. Wekea kila kompresa ucheleweshaji wake, moja baada ya nyingine. Ikiwa inagoma kwenye jenereta peke yake, jenereta haina uwezo wa kuianzisha hata kama inaweza kuiendesha ikishakuwa kwenye kasi.

Inagoma inapokuwa ya moto, lakini ya baridi huwaka: pima joto la beringi na kichwa, na ufanye jaribio la hatua ya 4 dakika kumi baada ya kuizima, wakati kondensa bado ina presha ya juu. Uvujaji mdogo wa vali ya njia moja huonekana wakati huo, na asubuhi yake huwezi kuuona.

Siku mashine inapowaka vizuri, andika kwenye daftari la zamu presha zote tatu kabla ya kuwasha, volti ya chini kabisa uliyoiona, ampea za sta, na sekunde zilizopita hadi kuhamia delta. Atakayeitwa usiku itakapogoma tena atakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.